Mteremko Hautaki Gia Kubwa

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, liko kwenye mita 800 hivi. Anayeshuka kwa baiskeli kupitia Ntendo kuelekea Muze anaweza kuamini kwamba gia yenye meno mengi mbele na machache nyuma itamfikisha upesi zaidi. Hesabu inakataa. Tuchukue mteremko wa asilimia 8, mtu na baiskeli wakiwa kilo 85. Akiketi wima bila kukanyaga pedeli, mwendo utaongezeka mpaka upinzani wa hewa uukabili mvuto wa dunia, karibu kilomita 57 kwa saa. Akikanyaga kwa wati 200, kazi inayowashinda wengi kwa muda mrefu, atafika 61 au 62. Akiacha pedeli na kuinama hadi kifua kikaribie usukani, atapita 65. Upepo ndio mpinzani: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kuupasua huongezeka mara nane. Shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, UCI, lilipopiga marufuku mkao wa kukalia bomba la juu la fremu mwaka 2021, lilihofia mkao, si gia.

Atakayepinga atasema waendesha mbio hufunga gia kubwa. Ni kweli, na kwenye miteremko mipole ya asilimia 2, ambayo uwanda wa Ufipa unayo mingi, wati 200 hizo humtoa mtu kilomita 25 hadi 39 kwa saa. Hapo gia ina kazi. Lakini meno 46 mbele na 12 nyuma, kwa mizunguko 90 ya pedeli kwa dakika, hutoa kilomita 43. Meno 11 ya nini tena?

Kwenye ukingo wenyewe kinachoamua mwendo ni kona na breki. Kila mita 400 za kimo zinazoshukwa kwa breki huzalisha joto la kuchemsha lita moja ya maji. Ukipakia gunia la kilo 100, joto hilo huzidi maradufu. Fedha ya gia kubwa inunue vipande vipya vya breki, na inayobaki iende kwenye gia ya nyuma yenye meno mengi, kwa sababu anayeshuka Muze lazima aupande ukingo uleule akirudi, tena huenda na mchele mgongoni mwa baiskeli.