Picha ya Kupamba ni Amana

Usiku wa kupamba, katika harusi zetu za Mombasa, ni usiku wa wanawake. Mabuibui huvuliwa, hina na piko huonekana mikononi, na bibi harusi huketishwa mahali pa juu atazamwe kwa vigelegele. Yote haya hutendeka kwa kuwa kila aliyemo anaamini kwamba ya ndani yatabaki ndani. Hata nyumba za Mji wa Kale zina roshani za mbao zinazomwezesha mwanamke kuitazama njia bila yeye kutazamwa.

Simu yenye kamera imeutoboa ukuta huo. Mgeni mmoja hupiga picha, akaituma kwa nia njema kwa dada yake aliyeko Muscat au Dubai. Dada akaitia katika kundi la jamaa la WhatsApp. Na kabla ya alfajiri wanaume wasiohusika wameshaiona. Haumii bibi harusi peke yake. Aliyeketi nyuma yake kichwa wazi, asiyejua hata kwamba amepigwa picha, naye pia ameondolewa sitara. Ndiyo maana baadhi ya familia sasa hukataza simu ukumbini, au huweka mtu wa kuzipokea mlangoni.

Lipo jeraha la pili, nalo halionekani. Zamani bibi harusi alipambwa kwa ajili ya macho yanayompenda. Leo msichana hujipambia kamera, kisha programu ikamlainisha ngozi, ikampunguza pua na kumng'arisha rangi. Akiizoea sura hiyo, kioo cha chumbani humwonyesha mtu asiyemridhisha. Mwaka 2021, nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilizofichuliwa na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen, zilionyesha kuwa watafiti wa kampuni hiyo wenyewe walibaini kuwa Instagram iliwazidishia baadhi ya wasichana kutoridhika na miili yao. Sura ya At-Tin, aya ya 4, inatufunza kwamba mwanadamu ameumbwa kwa umbo bora kabisa. Binti na ayasikie haya kwa mamake kabla hajatafuta sifa kwa wasiomjua.

Tuwaangalie pia wanaotoa maoni. Maneno ambayo mtu angeona haya kuyatamka barazani, huyaandika kwa wepesi akiwa kitandani. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11 na 12, inakataza kejeli, lakabu mbaya, dhana, upelelezi na kusengenya. Wala haikubagua ulimi na kidole. Anayeisambaza picha ili kuilaani, naye ameisambaza.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 imefanya unyanyasaji wa mitandaoni kuwa kosa.

Basi, akina mama, tuyashike haya. Tuombe idhini kabla ya kupiga picha, na idhini nyingine kabla ya kuituma. Ikitufikia picha ya mwenzetu, tuifute, tumnasihi aliyeileta kwa siri, na tumweleze mwenyewe kwa upole. Na binti aliyefedheheshwa asipokewe kwa lawama, bali kwa kifua cha mamake. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa anayemsitiri Muislamu, Allah humsitiri duniani na Akhera.

Allah atusitiri sisi na vizazi vyetu. Amin.