Kampuni kubwa iliyoosha karai moja kwanza

Baba anachimba dhahabu Misisi, mama na watoto wako Uvira. Siku makuta inaingia, simu inalia, mama anakwenda kwenye kabini kutoa pesa, anapitia sokoni. M-Pesa ilifika Congo mwaka 2012. Lakini huko ilikozaliwa, Kenya, kutuma pesa nyumbani haikuwa ndiyo kazi waliyoikusudia.

Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walitaka watu warudishe mikopo midogo ya Faulu Kenya kwa simu. Hawakufungulia nchi nzima. Oktoba 2005 walianza na Safaricom, wateja karibu 500 na mawakala 8 tu, Nairobi na Thika. Wakakaa wanaangalia.

Kumbe wateja walikuwa na mambo yao! Huyu anamlipia mwenzake deni, yule analaza pesa ya biashara ndani ya simu juu ya kuogopa wezi, mwingine anatumia jamaa walio mbali. Upande wa mikopo, kuunganisha hesabu za simu na za Faulu kukawa kichwa kuuma. Basi mikopo ikawekwa kando. Machi 2007 programu ikafunguliwa kwa wote, kazi yake moja: tuma pesa nyumbani.

Mchimbaji anaelewa haraka. Hauteremki mita 30 kabla ya kuosha karai ya kwanza. Wenye kompyuta nao wanaita hivyo ajili (si ile ya "kwa ajili ya", ni neno la Kizungu la wepesi): tengeneza kidogo, mpe mtu atumie, rekebisha, rudia.

Kwa watu wachache ni rahisi. Kwa kampuni ya maelfu, ambako kila karatasi inangoja sahihi ya chefu, ni vita. Safaricom yenyewe, chini ya Peter Ndegwa aliyeshika uongozi Aprili 2020, imegawa watu wake katika vikundi vidogo vyenye ruhusa ya kuamua. Machefu wengine lazima waachie kalamu.

Sisi tunauliza jambo moja. Wale 500 walikuwa karibu na mji. Mtu wa shimoni, rezo inakuja na kupotea, akikosea namba moja mshahara wa wiki unaingia kwa mtu asiyemjua, anamwambia nani? Anamwambia mwenye kabini. Kampuni yoyote ya simu ikitaka kujua irekebishe wapi, ilete mhandisi wake akae naye kwenye kile kibao, siku ile makuta inaingia.