Seva ya mushahara: kuipandisha ao kuanza upya?

Kwenye biro ya mushahara, seva ndiyo inachunga siku za kazi za kila mchimbaji. Kama ingali inatembea na Debian 10, iko hatari: ile programu iliachwa tarehe 30 juni 2024, mwizi akipata tundu hakuna wa kuliziba.

Njia ni mbili. Kuipandisha: toka 10 kwenda 11, kiisha 12, kuruka hapana. Mipango inabaki, na uchafu wa zamani pia. Kuanza upya: nyumba safi, lakini diski inafutwa yote.

Njia yoyote, kwanza mufanye kopi kwenye diski ingine, na muifungue mbele ya kugusa seva. Kopi isiyojaribiwa si kopi. Tena, isiwe siku ya mulipo: watoto wanangojea bukari.