Safari ndefu ya wanaouacha Ukristo wa utotoni na kupata makao katika Ubudha

MWACHA mila ni mtumwa, walisema wahenga. Methali hii hutajwa mara nyingi katika familia za Kikristo za Afrika Mashariki pale kijana aliyebatizwa angali mchanga, akafunzwa katekisimu na kuimba katika kwaya, anapotangaza kuwa kanisani haendi tena. Akiongeza kwamba sasa yeye ni Mbudha, mshangao huwa maradufu.

Hatua hiyo ni nadra mno katika eneo hili. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakristo ni takriban asilimia 85 ya Wakenya na Waislamu karibu asilimia 11. Nchini Uganda, sensa ya 2014 iliwaweka Wakatoliki mbele kwa asilimia 39, wakifuatwa na Waanglikana kwa asilimia 32. Ubudha, kwa wengi, ni dini ya wageni kutoka bara la Asia.

Hata hivyo, wapo Waafrika waliochukua hatua hiyo, pamoja na watu wenye asili ya Afrika walioko ughaibuni. Safari zao zinadhihirisha kwamba ugumu wa kubadili imani hauko katika mafundisho pekee. Uko pia katika suala la makao: ni akina nani watakaokuwa jamaa zako siku ya furaha, na nani atasimama kando ya jeneza lako siku ya msiba.

Anayejulikana zaidi katika kanda hii ni Bhante Buddharakkhita wa Uganda. Alizaliwa mwaka wa 1966 akiitwa Steven Kaboggoza na kulelewa katika dini ya Kikatoliki. Mwaka wa 1990 alisafiri hadi India kwa masomo ya chuo kikuu, na huko ndiko alikokutana na watawa wa Kibudha kutoka Thailand.

Hakubadili dini mara moja. Alianza kutafakari kwa utaratibu wa Kibudha mwaka wa 1993, na ilipita karibu miaka kumi kabla ya kuvaa joho la utawa. Alitawazwa mwaka wa 2002 katika jimbo la California, Marekani, na mwalimu mashuhuri kutoka Burma, marehemu Sayadaw U Silananda. Kisha aliishi kwa miaka kadhaa katika makao ya watawa huko West Virginia chini ya Bhante Gunaratana, mtawa mzaliwa wa Sri Lanka. 'Bhante' ni neno la heshima wanaloitwa watawa, nalo jina Buddharakkhita lina maana ya 'aliyelindwa na Budha'.

Mwaka wa 2005 alianzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kiitwacho Planting Dhamma Seeds, kinachosimulia jinsi mbegu za Ubudha zilivyopandwa barani Afrika.

Ni mafundisho gani yanayoweza kumvuta mtu aliyelelewa katika Ukatoliki hadi akafika huko? Ubudha ulianzishwa na Siddhartha Gautama, mwana wa ukoo wa watawala aliyezaliwa Lumbini, katika nchi inayoitwa Nepal leo, zaidi ya karne nne kabla ya Kristo. Kwa mujibu wa mapokeo, aliacha starehe za nyumbani akatafuta chanzo cha mateso ya binadamu, na hatimaye akapata mwanga akiwa ameketi chini ya mti mahali paitwapo Bodh Gaya, India. Ndipo akaitwa Budha, yaani 'aliyeamka'.

Mafundisho yake yamejengwa juu ya kweli nne: kwamba maisha yana mateso, kwamba mateso hayo yana chanzo, nacho ni tamaa na kung'ang'ania mambo yasiyodumu, kwamba mateso yanaweza kukoma, na kwamba ipo njia ya kuyakomesha. Njia hiyo ina sehemu nane, zikiwemo kauli njema, kazi ya halali na utulivu wa fikra.

Mfuasi wa kawaida huahidi mambo matano: kutoua, kutoiba, kujiepusha na uzinzi, kutosema uongo na kutotumia vileo. Aliyekariri Amri Kumi utotoni hatayaona mageni sana. Tofauti ni kwamba hizi si amri zilizoshushwa na Mungu, bali ni nadhiri ambazo mtu hujiwekea mwenyewe. Ubudha haumtambui Mungu Muumba anayehukumu na kusamehe.

Hapa ndipo njia panda ilipo kwa Mkristo. Anayehamia Ubudha huacha sala aliyofunzwa na mama yake, huacha wazo la Baba anayesikiliza, na huacha matumaini ya kukutana mbinguni na waliotangulia. Badala yake hupewa zoezi: kuketi kimya, kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka, kuitazama hasira inapozuka na kuona jinsi inavyopita.

Kwa baadhi yao, zoezi hilo ndilo mvuto mkuu. Wapo waliokulia mahali ambapo shaka ilihesabiwa kuwa dhambi na maswali yakachukuliwa kuwa utovu wa adabu. Budha aliwaambia wasikilizaji wake wasiyakubali mafundisho kwa sababu tu yametoka kwa wazee au kwa mwalimu, bali wayapime kwa maisha yao wenyewe. Kwa mtu aliyechoka kunyamazishwa, mwaliko huo ni kama maji kwa mwenye kiu.

Lakini wanaodhani kwamba kwa kuhamia Ubudha wamekwepa habari za jehanamu hukosea. Maandiko ya Kibudha nayo yanataja jehanamu nyingi, ila adhabu yake si ya milele. Aidha kuna fundisho la kuzaliwa upya baada ya kifo kutegemea matendo ya mtu, fundisho ambalo wengi waliotoka katika Ukristo huliona gumu kulikubali.

Vilevile, kuingia Ubudha hakuna ubatizo wala kiapo cha kuikana dini ya awali. Anayeingia hutamka kwamba amekimbilia mambo matatu: Budha, mafundisho yake na jamii ya wafuasi wake. Kwa upande mwingine, Kanisa Katoliki hufundisha kwamba ubatizo huacha alama isiyofutika. Ndiyo kusema kwamba machoni pa kanisa lake la zamani, aliyeondoka angali amebatizwa, na mlango wa kurudi haujafungwa.

Neno 'jamii' katika makimbilio hayo lina uzito wa pekee. Mkristo anayeacha kanisa hapotezi ibada ya Jumapili tu. Hupoteza jumuiya inayomtembelea akilazwa hospitalini, kikundi kinachomchangia akioa, na kwaya inayoimba katika mazishi ya wazazi wake. Asipopata jamii nyingine, hujikuta hana pa kuegemea hata kama mafundisho aliyoyapata yamemtuliza moyo.

Bhante Buddharakkhita aliyaonja hayo aliporudi Uganda. Amesimulia jinsi watu walivyomshangaa kwa kichwa chake kilichonyolewa, joho lake na bakuli lake la kupokelea chakula, na jinsi baadhi walivyomdhania kuwa mganga. Katika nchi za Kibudha, mtawa apitaye na bakuli asubuhi huheshimiwa, nao wanaompa chakula huhesabu kwamba wamepata thawabu. Katika nchi isiyojua desturi hiyo, mwanamume mwenye nguvu zake anayesubiri kupewa chakula ni kitendawili.

Ilibidi jamii ijengwe pole pole. Kituo chake kilichimba kisima ambacho majirani wasio Wabudha pia huchota maji, na mafunzo ya kutafakari hutolewa kwa yeyote bila ya kumtaka abadili dini. Pengine lililomfariji zaidi ni kwamba mama yake mzazi naye aliikubali njia hiyo. Si wengi wanaobahatika hivyo.

Wapo walioamua kutoikata kamba ya zamani. Jan Willis, msomi Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1948, alikulia katika kanisa la Kibaptisti karibu na jiji la Birmingham, Alabama, wakati wa ubaguzi mkali wa rangi. Mwaka wa 1963, akiwa msichana wa shule, alishiriki maandamano ya kudai haki jijini humo. Baadaye alikwenda Nepal na kuwa mwanafunzi wa Lama Thubten Yeshe, mwalimu kutoka Tibet.

Willis ameeleza kwamba ubaguzi ulimwachia jeraha la kujiona duni, na kwamba mafunzo ya mwalimu huyo yalimsaidia kulitibu. Hata hivyo, hajaitupa imani ya wazazi wake. Hujiita Mbaptisti na Mbudha kwa pamoja.

Mwanamuziki Tina Turner naye alitoka katika malezi ya Kibaptisti huko Nutbush, Tennessee, alikoimba katika kwaya ya kanisa. Mwaka wa 1973, akiwa katika ndoa iliyojaa vipigo, alianza kukariri maneno ya ibada ya Wabudha wanaofuata mafundisho ya Nichiren, mtawa wa Japani wa karne ya 13. Miaka mitatu baadaye alitoroka ndoa hiyo. Hadi kifo chake nchini Uswisi mnamo Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 83, alisema kwamba ibada hiyo ndiyo iliyompa nguvu za kujinasua.

Wapo pia waliokwenda wakarudi. Paul Williams, msomi Mwingereza aliyelelewa katika Kanisa la Anglikana, alikuwa Mbudha kwa takriban miaka 20 na kuandika vitabu vinavyotumiwa vyuoni kuhusu dini hiyo. Mnamo 2000 alijiunga na Kanisa Katoliki.

Sababu aliyoitoa inafaa kupimwa na kila anayefikiria kuhama. Alisema kwamba iwapo mtu huzaliwa upya akiwa kiumbe kingine kisichokumbuka lolote, basi mtu huyu mwenyewe, pamoja na wapenzi wake, amekwisha kabisa. Alitamani tumaini linalomhifadhi mtu kama alivyo, na akalipata katika ufufuo. Wabudha humjibu kwamba kung'ang'ania 'nafsi' hiyo ndiko chanzo cha mateso. Mjadala huo haujaisha.

Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, amewashauri mara nyingi watu wa mataifa ya Magharibi wasiharakishe kuacha dini za wazazi wao, akisema kwamba mtu anaweza kujifunza kutafakari na upole bila ya kuhama. Ushauri huo huwashangaza waliozoea wahubiri wanaoshindania waumini.

Isitoshe, anayeondoka kanisani kwa sababu ya kuudhiwa na viongozi wake hapaswi kudhani kwamba anakwenda mahali pasipo na dosari. Nchini Myanmar, baadhi ya watawa walikuwa miongoni mwa waliochochea chuki dhidi ya Waislamu wa jamii ya Rohingya, ambao zaidi ya 700,000 kati yao walikimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017. Katika nchi za Magharibi, walimu kadhaa wa Kibudha wamelaumiwa kwa kuwadhulumu wanafunzi wao. Mavazi ya utawa hayambadilishi binadamu kuwa malaika.

Kisheria, njia i wazi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra na imani, nacho kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Katiba ya Uganda ya 1995 inatoa uhuru kama huo katika kifungu cha 29. Lakini katiba haiwezi kumfuta machozi mzazi anayeamini kwamba mwanawe amepotea milele.

Mzazi huyo anastahili kueleweka. Kilio chake si cha ukaidi. Kinatokana na upendo wa mtu anayemwona mtoto wake akielekea gizani. Mtoto anayejibu kwa kuikejeli Biblia humwumiza bure, na tena huenda kinyume cha nadhiri ya kauli njema aliyojiwekea. Wanaofaulu kulinda undugu ni wale wanaoendelea kuketi mezani familia inaposali, wanaohudhuria arusi na mazishi kanisani, na wanaoyaacha matendo yao yazungumze.

Suala la mazishi hasa linahitaji kuzungumzwa mapema. Wabudha wengi huchoma maiti, jambo linalozitisha familia nyingi za Kiafrika, lakini hilo si sharti la dini. Nchini Sri Lanka wapo Wabudha wanaozikwa. Kwa hivyo, Mbudha Mwafrika anaweza kulazwa katika ardhi ya babu zake bila ya kuvunja imani yake, mradi aliwaeleza jamaa zake angali hai.

Ama ile methali ya mwacha mila, historia ya Uganda yenyewe inaonyesha kwamba yafaa itumiwe kwa tahadhari. Wamishonari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka wa 1877, na wale wa Kikatoliki mwaka wa 1879. Miaka michache baadaye, kati ya 1885 na 1887, vijana Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, wengi wao wakichomwa moto huko Namugongo.

Machoni pa ikulu, vijana hao walikuwa wameacha mila na kuwatii wageni. Leo umati wa mahujaji, wakiwemo Wakenya wanaotembea kwa siku nyingi, hukusanyika Namugongo kila Juni 3 kuwaenzi. Kilichoitwa uasi wa watoto ndicho kilichokuja kuwa mila ya wajukuu.

Historia hiyo haithibitishi kwamba kila anayehama yuko sahihi. Lakini inamkumbusha mzazi Mkristo kwamba imani anayoilinda ilifika nyumbani kwake kupitia kwa mtu ambaye naye, siku moja, alimwambia babake jambo ambalo mzee huyo hakutaka kulisikia.