Fahamu: Adhabu ya kumtesa farasi wa mashindano

Desemba 2024, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) lilimfungia mpanda farasi Charlotte Dujardin wa Uingereza kwa mwaka 1 na kumtoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi. Video ilimwonyesha akimchapa farasi miguuni mara nyingi mazoezini.

Kanuni za FEI zinasemaje?
Ustawi wa farasi hutangulia ushindi. Kumchapa kupita kiasi, au kumshindanisha akiwa amejeruhiwa au amechoka, ni kosa.

Na Kenya je?
Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili au kumlemeza kwa mzigo. Hata punda abebaye maji Mackinnon Road, Kwale, analindwa. Ukiona mnyama anateswa, ripoti kwa polisi.