Jeraha Dogo la Mtoto Aliyezaliwa kwa Upasuaji

Mama anapopasuliwa ili mtoto azaliwe, huweza kutokea kisu kikaigusa ngozi ya mtoto. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa jambo hili huwapata yapata mtoto 1 hadi 3 katika kila 100 wanaozaliwa kwa njia hiyo. Mara nyingi mkato huwa mdogo, nao huwa kichwani au usoni; mtoto aliyetanguliza makalio huupata huko.

Sababu yake yaeleweka. Uchungu ukichukua muda mrefu, sehemu ya chini ya mji wa mimba hutanuka na kuwa nyembamba. Na chupa ikiwa imekwisha kupasuka, hubaki maji machache ya kumtenga mtoto na kisu. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako vijiji vingi vi mbali na hospitali za Murgwanza, Rulenge na Biharamulo, mama huweza kufika akiwa tayari katika hali hiyo.

Tiba yenyewe si ngumu. Mhudumu hunawa mikono, hulikandamiza jeraha taratibu kwa kitambaa kilichotakaswa mpaka damu ikome, kisha hulisafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali. Mkato wa juu juu huachwa wazi au huunganishwa kwa vipande vya plasta. Ulio na kina, au ulio karibu na jicho, hauna budi kuangaliwa na daktari, na pengine kushonwa.

Hatari kubwa huanza nyumbani. Ngozi ya mtoto mchanga ni laini na kinga yake haijakomaa. Majivu, samadi au majani yaliyopondwa huweza kuingiza vijidudu jerahani, vikiwamo vya pepopunda, ambavyo huishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama. Mwaka 2012 ilithibitishwa kuwa pepopunda ya watoto wachanga imetokomezwa nchini Tanzania kama tatizo la afya ya umma. Lakini vijidudu vyake vingalimo udongoni, na chanjo ya mama wajawazito ingali ngao.

Hivyo basi, jeraha lisipakwe kitu asichoagiza mganga wa hospitali. Liwe safi na kavu. Kila amshikaye mtoto anawe kwa sabuni, naye mtoto anyonyeshwe maziwa ya mwanzo, yenye kinga. Wekundu ukienea, usaha ukitoka, au mtoto akikataa kunyonya, akipata homa au akiwa baridi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maambukizo yakiingia katika damu ya mtoto mchanga, huweza kumwua kwa muda wa saa chache tu.