Kupima uso bila kuugusa: picha ya vipimo vitatu ni nini?



Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani huku Lac Vert na Mugunga, magharibi ya mji wa Goma. Watu walikufa, wengine wakajeruhiwa. Februari 2025 kambi za eneo letu zilivunjwa, lakini makovu yalienda na watu: vijijini, kwa ndugu, kwenye familia zilizowapokea. Kovu la mguu hufunikwa na kitenge, lakini mwenye kovu la uso hutazamwa kila siku, sokoni na kanisani.

Kwa hiyo tunaeleza hapa namna madaktari wanavyoweza kupima uso kwa picha ya vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kina, pamoja na haki za mtu anayepigwa picha hiyo. Jambo hili linawahusu majeruhi wa vita, na vilevile watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka.

Kwa nini uso ni mgumu kupima?

Shavu, mdomo na ncha ya pua ni nyama laini. Ukiweka kipimo cha chuma, ngozi inabonyea na hesabu inapotoka. Mtoto naye hatulii. Picha ya kawaida haina kina: mtu akigeuza kichwa kidogo tu, shavu moja linaonekana dogo kuliko lingine. Skana ya eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini miali yake haifai kurudiwarudiwa kwa mtoto bila sababu.

Picha hiyo inafanyaje kazi?

Fumba jicho moja, kisha jaribu kutia uzi kwenye sindano. Utaona ni vigumu, kwa sababu macho mawili yakifanya kazi pamoja hutusaidia kujua umbali. Kamera nazo hufanya hivyo. Kamera mbili au zaidi hufungwa mahali pasipobadilika na kupiga kwa wakati mmoja. Kompyuta hutafuta alama ileile ya ngozi katika kila picha, halafu kwa hesabu ya pembetatu hujua alama hiyo iko umbali gani. Ikirudia hivyo kwa maelfu ya alama, uso mzima hutokea kwenye skrini, na daktari anaweza kuugeuza pande zote. Kamera nzuri zilizosawazishwa vizuri huweza kupima kwa kosa lisilofika milimita 1. Mtu haguswi wala hapigwi miali.

Baada ya upasuaji, daktari hulinganisha picha ya kabla na ya baada kwa kuzilaza moja juu ya nyingine, akifuata paji la uso au sehemu nyingine isiyoguswa. Hapo ataona uvimbe umepungua kiasi gani, au kovu limevuta mdomo kwa milimita ngapi.

Yako masharti. Mtu atulie, afunge mdomo bila kuukaza, na nywele zisifunike uso. Ndevu na jasho linalong'aa huharibu kipimo. Tena picha huonyesha ngozi ya juu tu, wala haionyeshi kipande cha bomu kilichobaki ndani.

Mfano wa Mwanza

Daktari anayetengeneza uso anahitaji kujua nyuso za watu wa eneo lake zilivyo, na vipimo vingi vya vitabuni vilichukuliwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania, Marekani na Kanada walichapisha kazi iliyofanyika Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kwa picha za vipimo vitatu walichunguza nyuso za watoto na vijana 3,505, wakitafuta uhusiano kati ya urithi wa wazazi na ukubwa na umbo la uso. Kazi kama hiyo ina faida kwetu: kutengeneza pua ya mtoto wa huku kwa kipimo cha Mzungu ni kumpa uso wa mtu mwingine.

Uso ni wa mwenyewe

Kamera hizi ni ghali, na matibabu hayazisubiri. Hapa Goma hospitali kama HEAL Africa na CBCA Ndosho zimetibu majeruhi wa vita kwa miaka mingi. Lakini mtu akija kupiga nyuso, kwa kamera yoyote, familia na viongozi waulize kwanza:

- Picha ni ya matibabu, ya utafiti au ya kutangaza shirika?
- Itawekwa wapi, na nani ataiona?
- Nikikataa, nitaendelea kutibiwa na kupata msaada?
- Nikibadili mawazo kesho, nimwambie nani aifute?

Kuficha jina hakutoshi, kwa sababu uso wenyewe unamtambulisha mtu. Mahali ambapo mtu anaweza kutafutwa kwa sababu ya kabila lake au kijiji alichotoka, picha iliyotoka mikononi mwa daktari inaweza kumletea hatari. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayetoa ruhusa, lakini mtoto mwenyewe aelezwe na asikilizwe.

Ninyi viongozi, mnaweza kuanza leo bila kamera yoyote. Mwenye kovu asipewe jina la kovu lake, na mtoto mwenye mdomo uliopasuka asiitwe laana. Apelekwe hospitali.